Michael Faraday na Chupa ya Maji Mekundu

Najua wengi wenu mkishika jarida hili huanza kutafuta mashairi na vitendawili. Mwaka huu mlezi wa chama alitutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani. Wenzangu wakachagua waandishi na viongozi. Mimi nimemchagua mwanasayansi, na sababu yake ni kipande kidogo cha plastiki.

Muhula uliopita mdogo wangu alishikwa na homa kali, tukampeleka zahanati. Muuguzi alimdunga kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kipande cha plastiki, akaongeza matone ya maji ya dawa, kisha tukangoja kama robo saa hivi. Ikatokea mistari miwili myekundu. Malaria! Alipewa dawa na baada ya siku chache alikuwa anakimbia uwanjani kama kawaida. Lakini ile mistari haikunitoka akilini. Nilidhani wekundu wake ni damu ya mdogo wangu. Nilipomwuliza mwalimu wetu wa Kemia alicheka kidogo, akaniambia kwamba ile rangi si damu bali ni dhahabu.

Dhahabu! Kwanza nilifikiri ananitania. Dhahabu ninayoijua mimi ni ya manjano, ile ya pete na mikufu. Inawezaje kuwa nyekundu, tena ipatikane katika kipimo kinachotolewa zahanati? Kuuliza si ujinga, nikauliza tena. Mwalimu akanituma nikatafute habari za mtu aitwaye Michael Faraday. Niliyoyasoma ndiyo haya ninayowasimulia.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, mahali ambapo siku hizi pamemezwa na jiji la London nchini Uingereza. Walikuwa watoto wanne, yeye akiwa wa tatu. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyeugua mara kwa mara, na mhunzi akiwa mgonjwa nyundo hulala na sufuria nayo hulala. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1801, bei ya nafaka ilipopanda, Michael alipewa mkate mmoja uliopaswa kumtosha wiki nzima. Shule aliisoma kidogo tu. Alifunzwa kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo, basi, hapo ndipo masomo yake ya darasani yalipokomea.

Alipofika umri wa miaka 13, mwaka wa 1804, alipata kazi ya kutumwatumwa katika duka la vitabu la Bwana George Riebau. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti kwa wateja. Siku hizo gazeti lilikuwa ghali, kwa hivyo watu walikodishiwa wakasome, kisha kijana akarudi kulichukua ampelekee mwingine. Mwaka uliofuata Riebau alimchukua awe mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka saba, na kwa sababu ya uaminifu wake hakumdai ada yoyote.

Sasa fikirieni, kijana ana njaa ya elimu halafu anakaa mchana kutwa katikati ya vitabu. Wengine walivishona na kuvigandisha majalada. Faraday alivishona na akavisoma. Siku moja aliletewa kujalidi juzuu ya Encyclopaedia Britannica, akasoma ndani yake makala kuhusu umeme. Akasoma pia kitabu cha Kemia kilichoandikwa na mwanamke, Bi. Jane Marcet, kwa lugha nyepesi ya mazungumzo. Hakuamini tu kwa sababu kimeandikwa. Kwa visenti vyake alinunua vifaa vichache akajaribu mwenyewe kuona kama mambo ni kweli. Kaka yake Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi, alimpa shilingi moja moja ya kuingilia mihadhara ya sayansi iliyofanywa jioni. Hapo nilisimama kidogo kusoma, nikamfikiria huyo Robert. Jina lake halimo katika vitabu vyetu, lakini bila shilingi zake sijui kama jina la ndugu yake lingekuwamo.

Mwaka wa 1812 mteja mmoja wa dukani, William Dance, alimpa Faraday tiketi za kwenda kumsikiliza Sir Humphry Davy, mwanakemia aliyevuma kuliko wote Uingereza, katika taasisi iitwayo Royal Institution. Faraday alihudhuria mihadhara minne. Aliandika kila neno aliloweza, akachora vifaa vyote alivyoviona, kisha akayanakili yote upya kwa mwandiko safi. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa kazi hiyo, akayajalidi yakawa kitabu cha kurasa zipatazo 300. Akampelekea Davy kitabu hicho pamoja na barua ya kuomba kazi.

Kabla ya hapo alikuwa amemwandikia mkubwa mwingine, Rais wa Royal Society, yaani chama cha wanasayansi wa Uingereza. Hakujibiwa hata neno moja. Davy alijibu. Kazi haikuwapo mara moja, lakini msaidizi wa maabara alipofukuzwa kwa kupigana, Davy alimkumbuka yule kijana wa kitabu. Tarehe 1 Machi 1813 Faraday akaajiriwa kwa mshahara wa shilingi 25 za Kiingereza kwa wiki, na vyumba viwili vya kulala juu kabisa chini ya paa. Kazi ilikuwa kuosha chupa na kutayarisha vifaa. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka huohuo Davy alifunga safari ya Ulaya akaenda naye. Katika safari hiyo Faraday alikutana na wanasayansi wakubwa, lakini pia alionja dharau. Mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, kwa hivyo Faraday akafanywa msaidizi wa maabara na boi kwa pamoja, na mke wa Davy hakumficha kwamba anamhesabu kuwa mtumishi. Alitamani kurudi nyumbani. Hata hivyo alivumilia, na mwaka wa 1814, mjini Florence nchini Italia, aliona jambo la ajabu. Wakitumia lenzi kubwa walikusanya miale ya jua juu ya almasi mpaka ikaungua, na hewa iliyotokea ilionyesha kwamba almasi ni kaboni tupu. Yaani lile jiwe la matajiri ni ndugu wa makaa ya jikoni! Kitu ni kilekile, mpangilio ndio tofauti. Nadhani somo hilo hakulisahau.

Baada ya kurejea mwaka wa 1815 alianza kupanda ngazi moja moja. Mwaka wa 1821 alimwoa Sarah Barnard, na mwaka huohuo akafaulu kuufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku. Wapo waliomshutumu kwamba ameiba wazo la mtu mwingine. Mwaka wa 1823 jina lake lilipopendekezwa ili awe mwanachama wa Royal Society, aliyempinga alikuwa Davy yuleyule aliyemwinua, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa Rais wa chama. Walimu wangu mniwie radhi, lakini nadhani si kila mwalimu hufurahi mwanafunzi anapomfikia bega. Faraday alichaguliwa, na hakuacha kumheshimu Davy.

Mwaka wa 1825 aligundua benzeni katika mabaki ya gesi ya taa. Tarehe 29 Agosti 1831 akaonyesha kwamba sumaku inaweza kuzaa umeme. Stima yetu nyingi, iwe inatoka kwenye maji ya mto Tana au mvuke wa Olkaria, huzalishwa kwa njia hiyo aliyoigundua. Na wana Kiswahili sikilizeni hili: alipochunguza jinsi umeme unavyotenganisha kemikali, alikosa maneno ya kueleza alichokiona. Hakuona haya. Aliomba msaada kwa msomi wa lugha na sayansi, William Whewell, wakachagua maneno kutoka Kigiriki. Ndiyo haya tunayoandika kila siku daftarini: anodi, kathodi, ioni. Kwa hivyo msiwaamini wanaosema ati lugha haina kazi katika maabara.

Lakini upungufu alikuwa nao, na mkubwa. Hakujua hisabati ya juu. Aliona mambo kichwani kama picha, akachora mistari ya nguvu inayotoka kwenye sumaku, ila kuyaweka katika milinganyo hakuweza. Baadhi ya wasomi hawakuyatilia maanani mawazo yake kwa sababu hiyo. Kijana mmoja Mskoti, James Clerk Maxwell, aliyekuwa bingwa wa hisabati, ndiye aliyeyachukua mawazo yale na kuanza kuyaandika kwa hesabu. Mwaka wa 1857 Faraday, mzee wa miaka 66, alimwandikia kijana huyo kumwomba kwamba wanahisabati wakishapata majibu yao wayaeleze pia kwa lugha ya kawaida, ili akina sisi nasi tuyafuate. Mkubwa kumwuliza mdogo si jambo dogo, jamani.

Sasa tufike kwenye dhahabu.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1856 Faraday alitaka kujua mwanga hufanya nini unapokutana na chuma kilicho chembamba kupita kiasi. Alichagua dhahabu kwa kuwa hufulika kuliko madini yote mengine. Ikifuliwa hupata kuwa utando usiofikia unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukiutazama kwa juu utando huo ni wa manjano, lakini ukiushika mbele ya taa, mwanga unaopenya huwa wa kijani. Akishirikiana na rafiki yake Warren De la Rue, alitengeneza tando nyembamba zaidi kwa kutumia kemikali ya dhahabu na fosforasi. Baada ya kazi ilibidi kuosha. Na yale maji ya kuoshea yalikuwa na wekundu hafifu.

Wenzangu, hapa ndipo ninapompendea. Maji machafu ya kuoshea! Mtu mwingine angeyamwaga aende zake. Faraday aliyatia katika chupa akayaweka. Akiba haiozi. Kisha akarudia kuyatengeneza kwa makusudi, mpaka akapata maji mekundu sana, mazuri kama kito cha rubi.

Akaanza kuyahoji yale maji. Je, dhahabu imeyeyuka ndani yake kama sukari katika chai? Alipitisha mwanga uliokusanywa kwa lenzi, akaona njia ya mwanga ikionekana ndani ya maji, kama vile tunavyoona mwale wa jua ukiingia kwa tundu la bati katika chumba chenye vumbi. Basi mlikuwa na vipande vya kitu ndani. Akatia chumvi kidogo, wekundu ukageuka kuwa buluu. Akaacha chupa zikae kwa muda mrefu, baadhi ya dhahabu ikashuka chini. Akasema, kwa ufupi, kwamba dhahabu haikuyeyuka bali imekatikakatika kuwa chembe ndogo mno, na kwamba tofauti ya ukubwa wa chembe peke yake inatosha kubadilisha rangi. Dhahabu ni ileile, ukubwa ndio tofauti.

Alizitafuta chembe hizo kwa hadubini nzuri kuliko zote alizoweza kupata. Hakuona hata moja. Tarehe 5 Februari 1857 aliwaeleza wanasayansi wenzake katika Royal Society yale aliyoyaona na yale aliyoshindwa kuyaona, bila kujifanya kwamba amemaliza. Baadhi ya chupa zile zimehifadhiwa Royal Institution hadi leo, na maji yake bado ni mekundu.

Wengine waliendeleza safari. Mwaka wa 1903 Richard Zsigmondy na mwenzake Henry Siedentopf walitengeneza hadubini ya namna mpya iliyoonyesha nuru inayotawanywa na chembe hizo, na Zsigmondy akapewa tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925. Mwaka wa 1908 Mjerumani Gustav Mie akaeleza kwa hesabu kwa nini dhahabu hiyo ni nyekundu. Mwalimu wangu alinifafanulia hivi: mwanga ukipiga chembe ndogo ya dhahabu, elektroni zake huyumba zote pamoja na kumeza mwanga wa kijani, halafu mwekundu huachwa upite. Na je, mnajua Mie alitumia hesabu za nani? Za Maxwell! Zile zilizotokana na picha za Faraday asiyejua hesabu. Wazo lilitoka kwake, likaenda kwa mwenye hisabati, likarudi miaka 51 baada ya hotuba yake na kuijibu chupa yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Siku hizi chembe kama hizo hupimwa kwa nanomita, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa nanomita 80,000 hivi, na chembe za dhahabu katika vipimo kama kile cha mdogo wangu kwa kawaida huwa na nanomita 20 hadi 40 tu. Chembe hizo hubandikwa kingamwili zinazonasa protini ya vijidudu vya malaria. Damu ikiwa na malaria, protini huburuta dhahabu na kunaswa pamoja nayo penye mstari wa kwanza. Chembe moja haionekani, lakini zikirundikana kwa wingi sana wekundu hutokeza. Mstari wa pili hunasa dhahabu hata kama mtu hana malaria, ili tujue kipimo hakijaharibika. Vipimo vingi vya haraka vya korona vilivyotumika kuanzia mwaka wa 2020 vilifanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Somo hili la ukubwa kubadilisha tabia ya kitu limekuwa tawi zima la Kemia. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023 walipewa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Ekimov kwa kazi yao juu ya vijichembe vinavyotoa rangi tofauti kulingana na ukubwa wake. Vidogo hutoa buluu, vikubwa kidogo hutoa nyekundu, na vimo katika baadhi ya skrini za televisheni. Sababu ya rangi zake si ileile ya dhahabu, lakini swali ni la ukoo mmoja na lile la mzee Faraday.

Faraday mwenyewe hakutajirika. Alikataa kupewa cheo cha Sir, akakataa mara mbili kuwa Rais wa Royal Society. Alipenda zaidi ile mihadhara ya Krismasi iliyoanzishwa mwaka wa 1825 kwa ajili ya vijana, ambapo aliwaelezea watoto sayansi nzima kwa kutumia mshumaa mmoja tu. Uzeeni kumbukumbu yake ilififia sana. Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi huko Hampton Court, na huko ndiko alikofariki tarehe 25 Agosti 1867. Alizikwa katika makaburi ya Highgate bila makeke, kama alivyotaka.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina jambo la kuungama. Mwanzoni mwa mwaka huu, katika zoezi la maabara, nilitakiwa nipate mashapo meupe. Yangu yakatoka na ukahawia. Sikumwita mwalimu. Niliyamwaga haraka kwenye sinki, nikachungulia daftari la jirani na kuandika meupe. Nilipata alama zote. Mpaka leo sijui ule ukahawia ulitoka wapi. Labda neli yangu ilikuwa na mabaki ya chuma, labda ni jambo jingine, nami sitalijua kamwe kwa sababu nililimwaga. Wakati uleule nilikuwa nimeamua kuacha Fizikia kwa kuwa hisabati inanisumbua.

Sisemi kwamba mimi ni Faraday, na wala sisemi hisabati haina maana, maana bila Maxwell na Mie ile chupa ingekuwa bubu. Nasema tu kwamba Fizikia sijaiacha, na jirani yangu anayezijua hesabu ameniahidi kunifunza jioni, nami namsaidia Kiswahili. Tena wiki iliyopita jaribio langu lilikataa tena. Niliandika rangi niliyoiona, nikaweka neli kando, nikanyosha mkono nikamwita mwalimu. Alama zilipungua mbili. Lakini tulikaa naye tukaitafuta sababu mpaka kengele ikalia, na tuliipata.

Wasomaji wapenzi, mkiona maji ya kuoshea yamebadilika rangi, msiyamwage kwanza.